Upepo Usiozinduliwa

Katika Jamhuri ya Tukombioni, kitu hakipo mpaka kizinduliwe. Naomba msomaji alishike hilo kwanza, maana bila hilo ataona kama nawasengenya wakubwa, na mimi si mtu wa kusengenya. Daraja letu la mto Kiyoyo lilikamilika zamani, zege likakauka, rangi ikapakwa, lakini mgeni rasmi aliyepangwa akashikwa na mafua. Basi watu wakaendelea kuvuka kwa kuogelea chini ya daraja, wakiinua macho kulitazama kwa fahari, na juu yake akawekwa askari wa kumkamata yeyote atakayelikanyaga kabla ya utepe kukatwa. Hakuna aliyelalamika isipokuwa wawili waliozama, na hao hawakuleta malalamiko yao kwa maandishi.

Mimi ni Pantaleo, mshereheshaji wa taifa. Ile sauti inayosema, "Na sasa, ndugu wananchi, ule wakati tuliokuwa tukiusubiri kwa hamu umewadia," ni yangu, na nikiumwa nchi husimama. Nimesherehesha uzinduzi wa visima, vyoo, madawati, na mara moja mwembe uliokuwa na umri mkubwa kuliko babu yangu, ambao kabla ya siku ile ulikuwa ukizaa bila idhini. Kwa hiyo ninayoyasimulia hapa niliyaona nikiwa mstari wa mbele, nimeshika kipaza sauti.

Upepo wa nchi yetu uligunduliwa na Mheshimiwa Sefania Ndogoro. Alikuwa amekwenda ng'ambo kwenye mkutano, akaona huko mitambo mirefu yenye mapanga matatu ikizunguka mashambani na kutoa umeme. Aliporudi hakungoja hata kufika nyumbani. Alisimama pale pale kiwanja cha ndege, tai ikimpiga usoni kwa upepo, akasema, "Ndugu wananchi, nimegundua kwamba na sisi tunao!"

Tulishangilia mno. Umeme wa nchi yetu wakati huo ulikuwa wa mgao, na mgao wenyewe ulikuwa wa mgao. Ndani ya wiki ikaundwa Wizara ya Upepo na Mipango Yake, na Mheshimiwa Ndogoro akawa waziri wa kwanza. Alieleza redioni kwamba tangu dunia iumbwe upepo wa Tukombioni ulikuwa ukivuma kiholela, pasipo sera, pasipo mpango kabambe, kila mahali unavyojisikia wenyewe, na kwamba enzi hizo zimekwisha.

Sera ilitungwa katika semina elekezi kwenye hoteli moja nzuri sana. Walialikwa wadau wote, yaani wale wanaoalikwa siku zote. Madirisha yalifungwa tangu siku ya kwanza ili upepo usipeperushe rasimu ya Sera ya Upepo, na kwa vile ukumbi ulikuwa na joto, feni ziliwashwa. Timu ya upembuzi yakinifu ilipima kasi ya upepo mbele ya feni mojawapo, ikakuta inaridhisha.

Lilipofika suala la mahali pa kujenga mtambo wa kwanza, Mhandisi Kalokola akanyoosha mkono. Huyu ni kijana mpole aliyesomea mambo hayo, na alikuwa bado mgeni wizarani.

"Mheshimiwa, upepo uko Mvumoni, juu kule mlimani. Haukosi siku hata moja mwaka mzima. Watu wa kule wanafunga kofia kwa kamba."

"Barabara ipo?" Waziri akauliza.

"Ipo ya mbuzi, Mheshimiwa."

"Sasa mgeni rasmi atapandaje? Mgongoni mwa mbuzi?"

Ukumbi ukacheka kwa muda unaostahili cheo chake. Kisha vigezo vikapitishwa kwa kauli moja: mtambo ujengwe mahali penye barabara ya lami, uwanja wa kutosha viti mia tano, mtandao mzuri wa simu, na upepo, pale itakapowezekana. Baada ya kuchambua nchi nzima ikaonekana kwamba mahali pekee penye sifa hizo ni Shwarini, bondeni, chini kabisa ya mlima wa Mvumoni. Ni kwa bahati tu kwamba Shwarini ndiko alikozaliwa Waziri.

*

Shwarini ni mahali pazuri. Moshi wa jikoni hupanda wima mpaka ukachoka wenyewe. Nguo zilizoanikwa hukauka bila kutikisika. Mtambo ulisimikwa pale, mrefu, mweupe, wa kupendeza, ukatulia kama mgeni aliyeambiwa akae asubiri chai.

Siku tatu kabla ya uzinduzi, Waziri alikuja kukagua. Aliutazama mtambo, mtambo nao ukamtazama.

"Mbona hauzunguki?"

"Hakuna upepo, Mheshimiwa," akasema Mhandisi Kalokola.

"Kwani haukutengewa fungu?"

Waziri akafikiri, na mimi niliyekuwa nimesimama kando niliona kabisa fikra ikimfika usoni. Aliuliza kama mtambo unaweza kuzungushwa na kitu kingine, kwa muda, mpaka upepo utakapokamilisha taratibu. Mhandisi akasema kwa sauti ndogo kwamba jenereta kubwa la dizeli likifungwa mota na mkanda linaweza. Na jenereta kubwa la karibu liko Mvumoni, linavuta maji.

Hapa inabidi niwaeleze habari za maji ya Mvumoni. Kule juu kuna upepo wa kutosha kuuza, lakini maji yako chini sana ardhini. Tangu zamani wanawake walikuwa wakiteremka Shwarini na ndoo, wakapanda nazo kichwani, upepo ukiwasukuma huku na huku juu ya mawe. Kabula, mdogo wake Bi Nyamizi, alianguka kwenye mteremko ule akavunjika nyonga, na mpaka leo anatembea kwa mkongojo. Baada ya hapo Bi Nyamizi akaanzisha kamati ya maji. Wakachimba kisima kirefu, wakauza mbuzi, wakanunua jenereta, wakalipandisha mlimani kwa miti mabegani, wanaume kwa wanawake, wakiimba. Maji yakatoka. Hayakuzinduliwa, kwa sababu ya ile barabara, kwa hiyo wizarani yalihesabika kama hayapo.

Nilitumwa mimi na mgambo kulichukua jenereta, maana Waziri alisema habari mbaya ikitangazwa kwa sauti nzuri hugeuka. Tulimkuta Bi Nyamizi, mwanamke wa makamo, mfupi, kitenge kimefungwa kwa nguvu kiunoni. Karibu naye alikuwa mkwewe, Sikudhani, mjamzito, tumbo limeshatangulia mbele.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Serikali inaliazima jenereta lenu kwa siku ya uzinduzi tu. Mtalipata."

"Marahaba, mwanangu. Na siku hiyo tutakunywa nini?"

"Mama, subira yavuta heri."

"Ndiyo. Lakini haivuti maji."

Mgambo walikuwa wameshaliinua. Bi Nyamizi hakupiga kelele. Alilitazama jenereta likiteremka mteremko ule ule walioupanda nalo, mpaka likapotea kwenye kona.

*

Uzinduzi wa Shwarini ulifana. Jenereta liliwekwa ndani ya kibanda kilichoandikwa CHUMBA CHA UPEPO, HATARI, MARUFUKU KUINGIA. Kwaya iliagizwa iimbe kwa nguvu zote na isinyamaze hata kumeza mate. Walikuwepo wafadhili kutoka nchi za baridi, wamevaa kofia pana. Waziri alikata utepe, mapanga yakazunguka, na balbu moja iliyoning'inizwa mbele ya jukwaa ikawaka saa sita mchana, jua kali. Watu walipiga vigelegele ingawa ilibidi wakinge macho kwa mikono ili waone kwamba inawaka.

Mfadhili mmoja akanusa hewa. "Mheshimiwa, huu moshi unatoka wapi?"

"Huo ni upepo wa zamani," Waziri akajibu bila kusita. "Unatoka ili kupisha mpya."

Mfadhili akaandika kitu, akaonekana kuridhika sana. Alisema wamefurahi, na kwamba watakuwa wakija kila mwezi kuangalia kama mtambo unazunguka. Niliona Waziri akitabasamu kwa meno tu.

Kesho yake Sera ikafanyiwa marekebisho. Kikaongezwa kifungu kinachosema kwamba jenereta la Mvumoni litabaki Shwarini kwa matumizi ya mpito, "kwa kipindi chote ambacho mtambo utakuwa ukizunguka." Na kwa kuwa haikujulikana mfadhili atatokea lini, mtambo ukawa unazungushwa kutwa nzima. Ukawa mtambo wa kwanza wa upepo duniani unaokunywa dizeli, na ile balbu moja ikawa inawaka kwa gharama ambayo ni siri ya taifa.

Bi Nyamizi alianza kuja wizarani. Alikuja asubuhi, akaambiwa Mheshimiwa yuko kikaoni. Akaja mchana, kikao kimezaa kikao. Mara nyingine aliambiwa suala lake liko mbioni, na katika nchi yetu hilo ni jibu kamili, lakini yeye alikaa kwenye benchi kana kwamba anangoja lililobaki.

Siku moja hakuja peke yake. Alikuja na Sikudhani, akamkalisha kwenye benchi, akamwambia apandishe khanga kidogo. Magoti yalikuwa yamechunika yote mawili, damu imekaukia. Alikuwa ameteleza mteremkoni na ndoo. Mimba ilikuwa salama, mkunga kasema, safari hii.

Nasema wazi kwamba nilichukia. Nilimchukia Mheshimiwa Ndogoro kutoka moyoni kwa muda wa kama dakika moja, kisha nikakumbuka mimi ni mshereheshaji wa taifa nikajirudi. Lakini yale magoti hayakunitoka machoni. Nilifanya jambo ambalo si la kazi yangu. Nilifungua mlango wa Waziri nikasema, "Mheshimiwa, kuna wadau." Neno hilo hawezi kulikataa, wakaingia.

Waziri aliwasikiliza akizungusha kiti. "Mama," akasema, "mimi ninyi siwaelewi. Mlimani kwenu upepo umejaa tele. Wenzenu wa Shwarini hawana hata wa kupepea jiko. Matajiri wa upepo mnang'ang'ania kajenereta! Huo ni uchoyo."

Sikudhani aliinamisha uso. Bi Nyamizi akakunja ncha ya kitenge, akaikunjua. Kisha akasema taratibu, "Sawa, baba. Lakini kama upepo wetu ni mali kiasi hicho, mbona mpaka leo haujazinduliwa?"

Kiti kikaacha kuzunguka.

"Haujazinduliwa?"

"Tangu enzi za mababu, baba. Unavuma hivyo hivyo tu. Hakuna kiongozi aliyewahi kuukatia utepe."

Waziri alisimama. Nimemwona kiongozi yule akihutubia mabunge, lakini sijapata kumwona ameguswa namna ile. "Pantaleo," akaniambia, "unafahamu kwamba hakuna waziri hata mmoja, katika dunia hii, aliyewahi kuzindua upepo wenyewe?"

"Na barabara, Mheshimiwa?" nikamkumbusha. "Ile ya mbuzi?"

"Nitabebwa!"

Bi Nyamizi akapiga goti kidogo kwa heshima. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maandalizi tuachieni sisi kina mama. Ila tunaomba utepe ukatwe saa nane, baada ya chakula. Si vizuri mkubwa kuzindua na njaa."

Waziri alisema huo ndio ushirikishwaji wa wananchi anaouhubiri kila siku.

*

Lilitolewa turubai kubwa la taifa, lile lenye rangi zote za bendera, ambalo hutolewa kwa sikukuu za uhuru tu. Mgambo walilipandisha Mvumoni likiwa limekunjwa kama chatu aliyeshiba. Kina mama wa kamati ya maji wakalisimika uwandani, ukingoni kabisa mwa mlima, mahali unapoona Shwarini yote na mtambo wake ukizunguka chini.

Asubuhi ile kulikuwa kumetulia. Nilikuwa nikikagua jukwaa, nikamkuta Bi Nyamizi amechuchumaa kwenye kigingi, anafunga kamba. Ukitembelea nyumba za Mvumoni utaona mapaa yamefungwa kwa fundo nene lililosokotwa mara tatu, ambalo hata ukitaka kulifungua lazima ulikate. Fundo alilokuwa akifunga siku ile halikuwa hilo. Lilikuwa jepesi, la kitanzi kimoja.

"Hili fundo gani, mama?"

"La mbuzi, mwanangu. Ndilo tunalowafungia malishoni. Linashika vizuri kabisa ilimradi mbuzi anakula kwa utulivu. Fisi akitokea, mbuzi akivuta kwa nguvu, linajiachia lenyewe ili asinyongwe na kamba."

"Ahaa," nikasema. "Kwa hiyo ni fundo la usalama."

"La usalama mtupu."

Tulitazamana. Mimi ni mtumishi wa serikali, na swali la pili lilikuwa mdomoni mwangu limeshaiva. Nikakumbuka magoti ya Sikudhani. Nikamwambia kazi njema, mama, nikaenda kujaribu kipaza sauti.

Waziri alifika amebebwa kwenye kiti na mgambo wanne waliokuwa wakihema. Alikula wali na nyama ya mbuzi, akarudia. Mhandisi Kalokola aliyekuwa amekaa nyuma yangu alitazama juu, akatazama kamba, akatazama saa. "Kaka Pantaleo," akaninong'oneza, "upepo wa hapa huanza saa nane kamili." Nikamwambia ale nyama.

Saa nane kasoro kidogo nikatangaza kwamba ule wakati tuliokuwa tukiusubiri kwa hamu umewadia. Waziri akasimama na hotuba yake mkononi.

"Ndugu wananchi! Upepo huu umekuwa ukivuma hapa kwa muda mrefu bila kibali. Serikali yenu sikivu ingeweza kuuchukulia hatua. Lakini sisi tunaamini katika kulea. Kuanzia leo utavuma kwa mujibu wa Sera, kwa kuzingatia jinsia, mazingira na utawala bora! Utavuma kwa awamu! Awamu ya kwanza..."

Turubai likajinyoosha kidogo, likalala. Waziri akalitazama kwa upole, kama mtu anayeona mtoto anataka kusema neno.

"Kwa mamlaka niliyopewa, natamka rasmi kwamba upepo wa Mvumoni umezinduliwa!"

Akakata utepe.

Sijawahi kuona agizo la serikali likitekelezwa haraka vile. Utepe uliondoka kwanza, ukafuatwa na kofia ya Waziri, kisha hotuba, ukurasa kwa ukurasa, kwa awamu kama alivyoahidi. Halafu kukasikika milio kuzunguka uwanja mzima, tap, tap, tap, mafundo ya mbuzi yakijiachia moja baada ya jingine, na turubai la taifa likainuka na nguzo zake, likapita juu ya vichwa vyetu, likaelea juu ya bonde. Kwa kuwa lilikuwa na rangi za bendera, watu wote tulisimama wima. Mgambo mmoja alipiga saluti mpaka likashuka. Lilishuka Shwarini, taratibu, likaufunika ule mtambo toka juu, mapanga yakajaribu kuzunguka yakalisokota, likajisokota, yakakwama. Hata kule mlimani tulisikia jenereta likikohoa, kisha mtu akalizima.

Waziri alikuwa amekumbatia jukwaa kwa mikono miwili.

"Pantaleo," akaniita kwa sauti nyembamba, "sema kitu."

Nikasogeza kipaza sauti. "Ndugu wananchi," nikasema, "uzinduzi umefanikiwa."

*

Turubai liko pale mpaka leo. Sheria yetu inakataza kukata au kuchana kitu chochote chenye rangi za bendera, na kulisokotoa kunahitaji idhini ya kamati ambayo bado haijazinduliwa. Wizara ikatoa taarifa kwa wafadhili na kwa umma, na kwa heshima ya Wizara nainukuu yote: "Mradi wa Taifa wa Umeme wa Upepo umesimama kwa muda kwa sababu ya upepo."

Siku ya tatu Bi Nyamizi aliteremka Shwarini na watu wake na miti yao ya kubebea. Alimkuta mgambo wa zamu amelala kivulini, kwenye mlango wa Chumba cha Upepo.

"Mwanangu, Sera inasema jenereta likae hapa kwa kipindi chote ambacho mtambo utakuwa ukizunguka," akamwambia. "Hebu tazama juu. Unazunguka?"

Mgambo akatazama. Alikuwa kijana mwaminifu. "Hauzunguki, mama."

"Basi tusaidie kuinua upande huo."

Wizarani iliundwa Tume ya Kuchunguza Mwenendo wa Upepo, na mimi nikatumwa Mvumoni kuuliza ni nani aliyefunga zile kamba. Nilipanda kwa miguu, jua kali, koo limekauka, na nilipofika kwenye uwanja nikasikia jenereta likinguruma kwa furaha yake ya zamani. Kwenye bomba alikuwa Sikudhani, mtoto mchanga mgongoni, ndoo imejaa mpaka inamwagika. Magoti yamepona. Nikaandika kwamba kamba zilifungwa kwa mujibu wa desturi za mahali, nikafunga kalamu.

"Karibu maji, baba," Sikudhani akaniambia, akinipa kata kwa mikono miwili.

Nilikaribia kuipokea, kazi ikanikumbuka. "Samahani, mwanangu. Haya maji yameshazinduliwa?"

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mzima aliyepotea njia ya kwake.

"Hayajazinduliwa, baba. Tunayanywa hivyo hivyo."

Nikageuka kuangalia kama kuna mtu wa Wizara. Kisha nikanywa.